Mkono wa Buluu kwenye Picha ya Hina

Kijaluba cha vito kilifunguliwa Jumamosi, saa kumi na dakika tano alasiri, kijijini Chundwa, ndani ya chumba cha bibi harusi. Aliyekifungua ni mamake Shukri, kwa ufunguo aliokuwa ameufunga kwenye pembe ya leso yake tangu Alhamisi. Alifunua kitambaa cheupe, akatia mkono, akapapasa. Kisha akakigeuza chini juu. Pete zikaanguka mkekani, vipuli vikaanguka, bangili zikabingirika hadi mvunguni. Kidani hakikuanguka.

"Kidani cha nyanya ki wapi?" Shukri aliuliza. Yeye ndiye bibi harusi. Alikuwa ameshatiwa wanja, kikuba cha asumini kifuani, akingoja kuvikwa.

Uani wanawake zaidi ya sitini walikuwa wakimngoja atolewe waone alivyopambwa. Wa Chundwa, upande wa bibi harusi, walivaa sare ya zambarau. Wa Mbwajumali, upande wa bwana harusi, walivaa sare ya buluu. Ngoma ilikuwa imepamba moto. Haikupita dakika mbili ikanyamaza yenyewe, na wote sitini wakajua.

Bi Thuwaiba alikuwa amesimama kizingitini, kamera shingoni. Ndiye mpiga picha wa wanawake wa Chundwa, na kazi hiyo hakuipata kwa kubahatisha. Kwenye harusi za wanawake huku simu haziingii. Hukusanywa mlangoni, zikatiwa kwenye beseni, beseni likafunikwa kawa. Picha apige Thuwaiba peke yake, azisafishe mwenyewe nyumbani kwake kwa printa yake ya wino, na akikabidhi albamu aifute kadi ya kamera mbele ya mama wa bibi harusi, asibaki na uso wa mtu. Hata picha ya kujaribia rangi huchagua isiyo na sura: mikono, viatu, sinia la maua. Jumamosi hiyo saa sita mchana alikuwa ameshakabidhi albamu ya siku ya hina, na kadi ameifuta.

"Msijisumbue kupekua," ilisema sauti nyuma yake. "Mwizi ninaye mimi."

Alikuwa Bi Swafiya, shangazi wa Shukri, dada wa baba yake, mwanamke ambaye sauti yake hupita kuta mbili. Alitia mkono kifuani akatoa picha moja, akaiinua juu wote waione.

Thuwaiba aliijua mara moja. Ndiyo picha yake ya majaribio, aliyoichapa Ijumaa asubuhi, Bi Swafiya akaja kuiomba. Mikono miwili ya Shukri imelala mapajani, hina imekolea. Nyuma yake, kijaluba kiko wazi na kikuba cha asumini kimewekwa juu ya kitambaa. Na pembeni kabisa, mkono wa gauni unajipenyeza nyuma ya kifuniko. Vidole vimezama ndani ya kijaluba. Kinachoonekana ni mkono wa gauni mpaka kwenye kifundo, na mstari mwembamba wa mshono mweusi kwenye upindo.

Mkono wa gauni ulikuwa wa buluu.

"Alhamisi, hina," Bi Swafiya alianza kuhesabu kwa vidole. "Mamake Shukri alitufungulia kijaluba saa kumi na robo tuonyeshane vito, akatoka kwa wageni. Akarudi akakifunga saa kumi na moja kasorobo, na ufunguo haukutoka kwenye leso yake mpaka yeo hii Jumamosi. Sivyo? Ndani tulikuwa watano. Shukri mwenyewe. Thuwaiba na kamera yake. Mimi. Mwalimu Valary wa shule yetu. Wote hao zambarau. Na aliyevaa buluu ni moya tu."

Macho yote yalimgeukia Nasreen, dada wa bwana harusi.

"Wallahi sikukigusa," Nasreen alisema. "Nilikuwa nampaka mwalimu hina."

"Na picha yasema nini?"

"Picha ya Thuwaiba hiyo," alisema mwanamke mmoja kule nyuma, kwa upole kabisa, "na Thuwaiba haongopi."

Neno lile lilimchoma Thuwaiba kuliko kama angetukanwa. Maana watu walikuwa hawajui, au walikuwa wamesahau, Nasreen ni nani kwake.

Miaka mitatu nyuma mumewe alipofariki, Thuwaiba alikaa eda ya miezi minne na siku kumi. Nyumba iliyozoea kujaa watu ilipwaya. Wiki ya kwanza walikuja wengi, wiki ya pili wachache, mwezi wa pili akabaki na paka. Hapo ndipo Nasreen, aliyewahi kufanya kazi ya kusafisha picha Lamu mjini, alipoanza kuja kila Jumanne kutoka Mbwajumali, juu ya pikipiki, printa yake ya zamani ameipakata na kuifunga leso kama mtoto. "Huwezi kutoka, sawa," alimwambia. "Basi kazi itakufuata." Akamfundisha rangi. Akamfundisha kuandika kila kipimo kwenye daftari: siku, saa, ameongeza nini, amepunguza nini. Na jambo moja alilirudia mpaka Thuwaiba akawa analiota: "Usiamini kioo cha kompyuta. Chukua kitambaa chenyewe, toka nacho uani chini ya mbingu, ukiweke kando ya karatasi. Zikifanana, hapo chapa." Alipotoka eda, printa haikurudi Mbwajumali. Nasreen alikataa kuichukua.

Sasa picha iliyomtia Nasreen matatani imetoka kwenye printa hiyo hiyo.

Baba yake Shukri alitoa neno lake kutoka dakani, kwenye ukumbi wa mbele, upande wa wanaume. Kidani kirudi kabla ya adhuhuri ya Jumapili. Kisiporudi, Nasreen aende kituoni, na Shukri haendi Mbwajumali kwa watu wa namna hiyo, nikaha ijapokuwa imefungwa.

Yassir, bwana harusi wa siku moja, aliinamisha kichwa. Nasreen hakulia pale. Alilia njiani, Thuwaiba alipomshika mkono na kumpeleka nyumbani kwake.

*

Nyumba ya Bi Thuwaiba ilikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba ya harusi, na jioni hiyo ilijaa kama ada. Watu waliacha viatu mpaka barabarani. Chai ya tangawizi ilipikwa birika mbili, na kila mtu alikuwa na lake la kusema, nusu kwa huruma, nusu kwa utamu wa maneno.

"Harusi hii ilitiwa jicho tangu kwenye sare," alisema jirani mmoja. "Gharib fundi aliishiwa uzi wa zambarau. Gauni la mwisho amelimalizia kwa uzi mwekundu, hivi hivi, mato makavu, bila haya!"

"Ya Rabbi! Nani huyo kapewa gauni la kiraka?"

"Gharib hasemi. Yuaogopa kupigwa."

Kicheko kikapita. Hata Nasreen, uso umemvimba, alitabasamu kidogo ndani ya kikombe. Thuwaiba aliona, akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa nyumba iliyojaa wambea.

Konstebo Edah alifika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, kofia mkononi, viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa. Alikuwa mwanamke wa bara, mwaka wake wa pili visiwani, na picha aliipokea kwa Bi Swafiya akaitia kwenye bahasha.

"Mama, wacha nikwambie ukweli," alimwambia Thuwaiba. "Hii picha ni nzito. Watu watano ndani, mmoja tu wa buluu. Mimi nikienda na hiyo, mkubwa wangu hataniuliza swali la pili. Hakuna nyingine?"

"Hakuna, mwanangu. Albamu ina nyuso tu, na kadi nimeifuta mwenyewe."

"Kwa nini sasa?"

"Ndiyo ahadi ninayowapa watu."

Edah alimtazama Nasreen, akaitazama bahasha. "Nitaandika taarifa kesho saa tano asubuhi, pale kwa bibi harusi. Hii picha nakuachia mpaka hapo, kwa sababu wewe ndiye uliichapa na pengine utakumbuka kitu. Ikipotea, mimi ndiye nitapotea kazini."

"Mungu akulipe," Thuwaiba alisema, na alimaanisha.

*

Jumapili, saa moja na nusu asubuhi, kabla wageni hawajaanza kumiminika, Bi Thuwaiba alitoka uani na picha ile. Jua lilikuwa safi. Akaiweka juu ya ukingo wa kisima, akaitazama kama ya mtu asiyemjua.

Cha kwanza kilichomkera hakikuwa mkono wa gauni. Ilikuwa asumini.

Asumini ile aliitunga yeye mwenyewe Alhamisi asubuhi, nyeupe kama maziwa. Kwenye picha ilikuwa imeingia ukijani, kama asumini iliyolala ndani ya maji siku mbili. Akaitazama mikono ya Shukri. Ngozi imefifia, na hina, iliyotoka nyekundu ya kuwiva, imekuwa nyeusi ti.

Alikimbilia daftari. Mwandiko wake ulikuwa pale: *Ijumaa, saa tatu asubuhi. Mikono, hina. Wekundu umezidi, nimetoa 30.* Na chini yake: *Jumamosi, saa mbili asubuhi. Nyuso zimekuwa kama ndimu changa. Nadhani ni umeme wa jana. Nimerudisha vipimo vyote sufuri. Sawa sasa.*

"Nasreen!" alimwita aje. "Nasreen, ndoo hapa! Ijumaa asubuhi juu ya ua huu kulikuwa na nini?"

Nasreen alitokeza mlangoni akijifunga leso. "Turubai. Lile la wapishi wa pilau, walilitandaza kutoka kule mpaka huku kwako. Jioni wakalishusha, likapelekwa Kiunga kwenye harusi nyingine."

"Rangi gani?"

Nasreen aliitazama mbingu, kisha picha.

"Jekundu," alisema polepole.

Thuwaiba aliketi juu ya ukingo wa kisima. Alikuwa ametoka uani kama alivyofundishwa, lakini mbingu yenyewe ilikuwa imefunikwa. Jua lilipita kwenye turubai likaja limepakwa wekundu, yeye akadhani ni karatasi, akautoa wekundu kwenye picha mpaka ikampendeza. Na kitambaa hakuchukua. Alikuwa na haraka, nyumba imejaa watu, akajiamini.

"Zambarau ni nini?" Nasreen aliuliza, kwa ile sauti yake ya mwalimu wa Jumanne.

"Buluu iliyotiwa wekundu."

"Na ukiutoa wekundu?"

Walikumbatiana pale pale, daftari katikati yao.

Lakini Thuwaiba hakuwa mtu wa kusherehekea mapema. Kumwondoa Nasreen ni nusu. Watu wa Chundwa wasipopewa mwenye kosa, wataendelea kumtazama Nasreen kwa pembe ya jicho mpaka azeeke. Saa mbili na nusu alikuwa mlangoni kwa mwalimu Valary, mwanamke wa bara anayefundisha shule ya kijijini, aliyepewa sare ya zambarau na Shukri mwenyewe kwa mapenzi.

"Alhamisi ulipofika chumbani mpaka kijaluba kilipofungwa, ulifanya nini?"

"Nilipakwa hina," Valary alisema, akanyoosha mikono. Hina ilikuwa imempanda mpaka karibu na viwiko. "Nasreen alinipaka. Alinikunjia mikono ya gauni hadi huku juu, akasema nikichafua sare ataniua. Nilikaa hivi, kama mtu anaombea mvua. Hata pua ilipowasha, Bi Swafiya ndiye alinikuna."

"Bi Swafiya alikuwa karibu nawe?"

"Kidogo. Kisha akaenda kule nyuma ya Shukri. Alikuwa anapanga panga vitu."

"Na Nasreen aliinuka?"

"Mara moja tu, kuchukua ndimu ya kulainisha hina. Na ndimu ilikuwa dirishani, upande wangu, si upande wa kijaluba. Nilisema hiyo jana, mama. Walisema mimi ni rafiki yake."

Saa tatu kamili alikuwa kibarazani kwa Gharib fundi. Picha hakuitoa; mikono ya Shukri haikuwa ya kuonwa na Gharib.

"Gharib, gauni la mwisho lilikuwa la nani?"

"Bi Thuwaiba, usinitie matatani."

"Nimekuja kumtoa mtu matatani. Sema."

Gharib alisimamisha cherehani. "La Bi Swafiya. Alilirudisha mara mbili, mikono ilikuwa yambana. Nilipoipanua mara ya pili, uzi wa zambarau umekwisha. Nikapinda kwa mwekundu. Alinitukana, lakini hina ilikuwa kesho yake, afanyeje?"

"Nishonee vipande vitatu, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Cha buluu, ile ile ya Mbwajumali. Cha zambarau, upinde kwa zambarau. Na cha zambarau, upinde kwa mwekundu."

"Vya nini?"

"Vya dua," alisema Thuwaiba, na Gharib akashona bila kuuliza tena. Bi Thuwaiba alipouliza bei, Gharib alitikisa kichwa. "Nasreen alinichapia picha ya marehemu mama yangu. Nenda."

*

Saa tano asubuhi uani kwa Shukri hapakuwa na pa kutia mguu. Konstebo Edah alipewa kiti, wengine mikeka. Shukri alikaa kando ya mama yake. Bi Swafiya alikaa mbele, buibui limefungwa mpaka shingoni ingawa joto lilikuwa la kupasua kichwa. Baba yake Shukri alikuwa nyuma ya ukuta, dakani, na kila mtu alijua anasikia. Wanawake wa Mbwajumali walikuwa wamerudi, sare ya buluu miilini mwao, makusudi.

Bi Thuwaiba aliweka printa juu ya meza, akavuta waya kutoka dirishani.

"Naanza na kosa langu," alisema. "Picha hii haikuongopa. Niliyeongopa ni mimi, bila kujua."

Akawaeleza habari ya turubai. Hakujitetea, hakuruka neno. Kisha akapanga vipande vitatu vya Gharib mkekani, akavipiga picha chini ya mbingu wazi. "Mara ya kwanza nachapa bila kugusa rangi." Karatasi ikatoka. Akaiweka kando ya vipande: buluu kwa buluu, zambarau kwa zambarau, hakuna aliyeweza kuona tofauti. "Sasa nachapa kwa kipimo cha Ijumaa. Konstebo, soma daftari."

"Wekundu, toa thelathini," Edah alisoma.

Printa ilikoroma, ikatema. Watu waliinuka magotini kutazama. Kipande cha buluu kilikuwa kimeingia ukijani, kama maji ya mkondo. Vile vipande viwili vya zambarau vilikuwa buluu tupu.

Thuwaiba aliiweka picha ya hina katikati. Mkono wa gauni na kipande cha zambarau havikutofautiana hata kwa nukta.

Kisha mwanamke mmoja wa Mbwajumali akaanza kulia kwa sauti, "Alhamdulillah, alhamdulillah," mpaka wenzake wakamshika mabega.

"Basi ni mwalimu!" Bi Swafiya alifoka. "Kama ni zambarau, aliyekuwamo ndani asiye wetu ni nani? Ni huyo!"

Vichwa viligeuka. Valary alisimama.

"Kaa, mwalimu," Thuwaiba alisema. "Uonyeshe mikono tu. Hina hii ilikuwa mbichi, na mikono ya gauni imekunjwa juu ya viwiko. Mkono ulio pichani umeteremshwa mpaka kwenye kifundo, na angekitia mkono kijaluba, kitambaa cheupe kingeoga hina. Mamake Shukri, kitambaa yana Jumamosi kilikuwaje?"

"Cheupe," alisema mama. "Safi."

"Mikono yote miwili ya Shukri imo pichani. Wamebaki zambarau wawili. Mimi, nami nilishika kamera kwa mikono yote miwili. Na Bi Swafiya."

"Waniita mwizi nyumbani kwa ndugu yangu?"

"Nakuuliza tu. Tazama upindo huu pichani. Mshono mweusi. Sasa tazama karatasi niliyochapa sasa hivi. Kipande hiki kimepindwa kwa zambarau, mshono hauonekani. Hiki cha pili kimepindwa kwa uzi mwekundu, na ukitolewa wekundu wake uzi huo wageuka kuwa nini?"

"Mweusi," Shukri alijibu kabla ya mtu yeyote. Alikuwa amemkazia macho shangazi yake.

"Chundwa nzima kuna gauni moya la zambarau lililopindwa kwa uzi mwekundu. Lile ulilolirudisha kwa Gharib mara mbili."

Konstebo Edah alikuwa ameacha kuandika.

"Na kuna jambo lililonisumbua usingizini," Thuwaiba aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Ijumaa saa nne asubuhi ulikuja kwangu. Kidani hakijajulikana kupotea. Kitajulikana kesho yake. Ukaniambia, 'Ile ya mikono, yenye kijaluba nyuma, umeshaisafisha? Nipe nimuone mwanangu hina yake.' Nikakupa, lakini nilikuwa sijamwonyesha mtu picha ile. Ulijuaje kuwa kijaluba kimo? Nitakwambia ulijuaje. Uliona taa ya kamera ikimulika, na mkono wako umo ndani. Ulikuja kuichana. Ukaitazama, ukauona mkono wako mwenyewe umegeuka buluu. Ukaona umefunguliwa ndia ya kutokea."

Bi Swafiya alipeleka mkono shingoni. Wengine walidhani joto limemzidi. Alifungua kifungo cha kwanza cha buibui, na cha pili, na kidani cha dhahabu cha marehemu mama yake kikang'aa pale kifuani, kilipokuwa siku tatu.

"Nilikivaa siku ya harusi yangu," alisema. Sauti ile ya kupita kuta ilikuwa imekwisha. "Nilipoachwa, mama alikitwaa, akasema kingoje bibi harusi mwingine. Miaka ishirini na mbili. Mimi sikupata mwana wa kumvika. Na sasa kinakwenda Mbwajumali, nisikione tena. Nilitaka nikivae siku moya tu, wallahi, nikirudishe. Kisha kijaluba kikafungwa, kidani ninacho mimi. Nikaogopa. Na picha ikaja buluu."

"Nawe ukamtwisha Nasreen," Thuwaiba alisema.

"Nikamtwisha Nasreen."

Sauti ya baba yake Shukri ilitoka nyuma ya ukuta, nzito, kama ya mtu aliyekuwa akijikaza. "Mimi nimemhukumu mwana wa watu kwa karatasi. Nasreen, nisamehe. Neno la mwisho ni lako. Ukisema kituoni, atakwenda, ijapokuwa ni dada yangu."

Konstebo Edah alimgeukia Nasreen na kalamu yake. Nasreen alivitazama vipande vitatu vya kitambaa.

"Sitaki kituo," alisema. "Nataka aje Mbwajumali kwa miguu yake, Ijumaa, nyumbani kwa mama yangu, mbele ya hawa wote wa buluu, aseme kama alivyosema hapa. Na mwalimu naye aombwe radhi. Basi."

"Nitakuya," alisema Bi Swafiya.

Shukri aliinuka. Alimwendea shangazi yake, akamgeuzia mgongo na kuinua nywele, shingo wazi. "Nivike wewe," alisema. "Na siku ukitaka kukivaa, ndia ya Mbwajumali waijua."

Bi Swafiya alimfunga kidani kile. Alikosea tundu mara tatu, na hakuna aliyemharakisha.

*

Adhuhuri ilipoadhiniwa kidani kilikuwa shingoni mwa Shukri, na baada ya swala ngoma ililia upya, na magauni ya buluu na zambarau yakachanganyika. Edah alirudishiwa bahasha yake, tupu, na sahani ya mahamri juu yake. "Hii taarifa sijui nitaiandika vipi," alisema akitafuna. "Mkubwa ataniuliza mshukiwa alikuwa nani, nimwambie turubai?"

Thuwaiba alimvuta Nasreen katikati ya uani, akahakikisha hakuna kitu juu yao ila mbingu, akampiga picha. Kisha wakaenda nyumbani kwake, nyuma yao umati kama kawaida, akaichapa. Safari hii alichukua kipande cha buluu cha Gharib na ua la asumini, akatoka navyo nje, akaviweka kando ya karatasi.

Nasreen aliishika picha yake akaitazama kwa jicho la kazi. "Umejitahidi. Lakini uso wangu umeingia wekundu. Hapa puani, na machoni kote. Punguza kidogo."

Thuwaiba alivitazama vitu vitatu vile tena, bila haraka.

"Buluu ni buluu," alisema. "Asumini ni nyeupe. Mashine uliyonipa haina kosa, mdogo wangu. Umelia tangu jana."

Nasreen akacheka, na machozi yakamtoka upya juu ya kicheko, na nyumba nzima ikacheka naye. Thuwaiba hakuweza kusema lile alilotaka kusema kwa miaka mitatu. Akachukua daftari badala yake, akaandika:

*Jumapili, saa nane na robo. Uani, mbingu wazi. Nasreen. Wekundu usiguswe.*